Noah ya baba yako na Noah ya yadi: jina moja, gari mbili

Dada mmoja wa Morogoro kauliza swali, nalifupisha. Baba yake alikuwa na Toyota Noah ya mwaka 1998, ndio gari iliyowalea, ilitoa mpunga shambani na Jumapili ikawapeleka kanisani watu kumi ndani. Sasa yeye na mumewe wanataka Noah yao, wanaishi mjini, wana watoto watatu wa shule na mama mkwe anaishi nao, shamba wanakwenda mara chache. Fundi wa mtaani kamwambia "Noah za siku hizi sio Noah, zile za zamani ndio gari", muuzaji wa yadi kamwambia ni gari ileile imeboreshwa tu. Anataka kujua nani mkweli kati ya hao wawili.

Dada yangu, fundi wako yuko karibu zaidi na ukweli ila na yeye kaishia njiani. Noah ya mzee na Noah iliyoko yadi leo hazijawahi kuwa gari moja. Jina limebaki lakini gari lenyewe limegeuzwa, injini imehamishwa, tairi zinazosukuma zimehamishwa, na ukishaelewa kwanini Wajapani walifanya hivyo utajua mwenyewe ipi inakufaa, hutahitaji tena maneno ya mtu wa yadi. Hizi gari nimezishika gereji hapa Ilala miaka mingi na nazipenda, kwahiyo nitakuwa mrefu kidogo, nivumilie.

Tuanzie mbali. Toyota walikuwa na LiteAce toka mwaka 1970 na TownAce toka 1976. Vilikuwa vigari vya mzigo vya mjini, pua hakuna, dereva anakaa juu ya injini na miguu yake iko juu ya tairi la mbele. Faida yake ni kwamba gari fupi linabeba kingi maana hakuna nafasi inayopotea kwa boneti. Baadae wakaweka siti na vioo ikawa gari ya familia, na miaka ya 80 wakazipamba kweli, vioo vya darini, mapazia, taa za ndani. Lakini chini ya hayo mapambo lilibaki gari la mzigo lililovaa nguo za sikukuu.

Sasa kuna jambo moja la Japani usipolijua hii historia yote haieleweki. Kule gari ikiwa na urefu usiozidi meta 4.7, upana usiozidi meta 1.7, kimo kisichozidi meta 2 na injini ya petroli isiyopita cc 2000, inahesabiwa ni gari dogo na namba yake inapangwa kundi la 5. Barabara za mitaani kwao ni nyembamba na kodi ya mwaka inakwenda na ukubwa wa injini, kwahiyo familia ya kawaida inataka gari la watu wanane ambalo halivuki huo mstari. Chukua futi upime Noah ya baba yako kama bado ipo, upana wake ni milimita 1695. Pima na Noah ya 2005 ya kawaida utakuta milimita 1695 tena. Wamebakiza milimita 5 tu kufika kwenye mstari, na injini ni 2.0, sio kwamba walishindwa kuweka kubwa. Hii gari imechorwa ndani ya boksi la sheria, na kila toleo lilikuwa ni kutafuta namna ya kuingiza familia kubwa zaidi kwenye boksi lilelile.

Mwezi wa tano 1996 Honda wakatoa StepWGN. Injini iko mbele imelazwa kwa upana, inavuta tairi za mbele, kwahiyo chini hakuna shafti inayopita na sakafu ikawa chini na bapa, mtoto anapanda mwenyewe. Ikauza sana. Miezi mitano baadae, Oktoba 1996, Toyota wakatoa TownAce Noah na LiteAce Noah, gari moja kwa majina mawili kwasababu walikuwa na maduka tofauti na kila duka lilitaka jina lake. Hapo ndipo jina Noah lilipozaliwa na ndio ya mzee wako hiyo, namba yake ya chesisi inaanza SR40, au SR50 kama ni 4WD, yaani tairi zote nne zinasukuma.

Toyota waliipa pua fupi na wakasogeza tairi za mbele zikae mbele ya miguu ya dereva, maana mambo ya usalama wa ajali yalishakuwa makali na gari ambalo goti lako ndio bampa halikuwa na maisha tena. Ila injini waliiacha palepale chini ya siti za mbele, nyuma yake gia boksi, kisha propela shafti ndefu mpaka difu, tairi za nyuma zinasukuma. Bodi hilohilo walikuwa wanalitumia pia kwa TownAce na LiteAce za mzigo, zile KR42 za injini ya 7K ambazo mpaka leo unaziona zinabeba vitu mjini, kwahiyo hawakuwa na nafasi ya kuibadilisha yote kama Honda alivyofanya.

Kwa Mjapani huo ulikuwa upungufu lakini kwetu sisi ndio ikawa bahati. Fikiria gari limejaza watu na magunia, uzito wote umekaa nyuma, halafu unapanda kilima cha udongo kimelowa. Uzito ukikandamiza tairi za nyuma na tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, gari linashika na linapanda. Gari la kuvuta mbele kwenye hali hiyohiyo pua inanyanyuka, tairi za mbele zinakuwa nyepesi zinazunguka bure. Hiyo ndio siri ya Noah ya zamani kwenda Arusha vijijini, Singida, milima ya Usambara, ikawa gari ya abiria mpaka neno Noah likawa jina la usafiri wenyewe, mtu anakwambia "napanda Noah" hata kama gari lililokuja ni jingine kabisa. Hakuna Mjapani aliyeipangia hiyo kazi, wao walikuwa wanafikiria kupeleka watoto kupiga kambi.

Injini yake ya petroli ni 3S-FE, cc 2000, nguvu za farasi kama 130, injini iliyokuwa kwenye Corona, Camry, RAV4 na nyingine nyingi kwahiyo spea zipo kila kona na fundi yeyote kaishika. Kuifikia lazima ufungue siti. Unavuta siti ya mbele, unafungua vifungo, unainyanyua, unaegemeza, halafu unafunua kifuniko na ile hewa ya moto inakupiga usoni na harufu ya oili. Plagi, waya za plagi, distributa, vyote viko hapo unavigusa ukiwa umepiga magoti ndani ya gari. Mvua ikinyesha unafanya kazi milango imefungwa. Nimetengeneza Noah za watu wa safari usiku kwa tochi ya simu namna hiyo na ikaendelea na safari, na hicho ndicho fundi wako anakikumbuka anaposema zile ndio gari.

Lakini tuseme yote. Injini imefunikwa pale chini, joto lake linatoka kwa shida, rejeta iko mbali mbele na mabomba marefu ya maji yanapita chini ya gari. Bomba moja likianza kuvuja huoni mpaka mshale umeshapanda. Nililetewa moja fundi fulani alikuwa ametoa thamostati, ile valvu inayopima joto la maji ya injini, ili "isichemke" na mwenye gari anajaza maji ya bomba badala ya kulanti, ndani ya rejeta kulikuwa na kutu kama uji wa ulezi, na silinda hedi ilikuwa imepinda. Hiyo ni petroli. Zile za dizeli, CR40 na CR50 za injini ya 3C yenye taabo, ndio zaidi, hedi zake kupasuka kwa joto ni jambo linalojulikana nchi zote zilikoenda. Mlango wa kuslaidi ni mmoja tu, upande wa kushoto. Na miguu ya abiria wa mbele inaiva kwa safari ndefu, hilo ulilikalia mwenyewe ukiwa mtoto nadhani unalikumbuka.

Huko Japani soko likawa linasogea. Mwaka 1999 Nissan akaleta Serena mpya, na yeye kahamisha injini mbele na akaweka milango ya kuslaidi pande zote mbili, sasa mzazi akiegesha popote anampandisha mtoto upande wowote. Toyota amebaki na injini chini ya siti peke yake kati ya hao watatu. Akaamua kuvunja kila kitu.

Novemba 2001 ndio siku Noah ilipokufa na kuzaliwa upya, mimi naisema hivyo na sitanii. TownAce na LiteAce zikaondolewa kwenye jina ikabaki Noah peke yake kwenye maduka ya Corolla, na pacha wake Voxy kwenye maduka ya Netz, sura ya Voxy imekaa kibabe kidogo kwa ajili ya vijana lakini chini ni chuma kilekile. Namba ya chesisi AZR60, na AZR65 kwa 4WD. Injini mbele imelazwa, inavuta mbele, propela shafti hakuna kwenye 60, sakafu ikashuka ikawa bapa mpaka nyuma, milango ya kuslaidi miwili. Nyuma wakaondoa eksel nzito wakaweka bimu nyepesi ya gari ndogo. Upana ni uleule, nje boksi ni lilelile, lakini ingia ndani ukae siti ya katikati utadhani umeingia sebuleni.

Kwahiyo muuzaji anapokwambia "ni ileile imeboreshwa" sio kweli. Iliboreshwa kwa mama wa Nagoya anayepeleka watoto shule kwenye lami. Kwa gunia la mpunga na udongo wa masika ilirudi nyuma, na wenye Noah za abiria walilijua hilo kabla ya mtu yeyote kuwaambia.

Halafu kuna injini. AZR60 ilikuja na 1AZ-FSE, hii ndio ile D4 ambayo watu wengi hapa na Kenya wanaiogopa. Nikueleze inavyofanya kazi maana mafundi wengi wanaitukana bila kuielewa. Kwenye 3S-FE nozeli inapuliza petroli nje ya silinda, kwenye njia ya hewa nyuma ya valvu, kwahiyo petroli inaosha ile valvu kila mara. Kwenye D4 petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa sana inayotoka kwenye pampu maalum. Faida ni mafuta kidogo na nguvu zaidi, farasi wamepita 150 kutoka 130 kwa cc zilezile. Hasara yake valvu na njia ya hewa haioshwi na kitu, moshi unaorudishwa na mvuke wa oili vinaganda pale, na ukifungua manifodi ya gari ambayo haijasafishwa unakuta masizi meusi yameganda ndani mpaka njia imebaki kama nusu. Gari linatetemeka likiwa sailensa, linazima ukisimama kwenye taa, linakosa pumzi kilimani. Na ile pampu ya presha haitaki mafuta machafu hata kidogo, sasa ukinywesha petroli ya madumu ya njiani unaiua.

Ni gari mbaya? Mimi nasema hapana, ni gari iliyotaka huduma ambayo haikuipata. Waliosafisha njia ya hewa na throto kwa wakati, wakabadilisha oili kilomita 5000 na wakajaza mafuta kituo kinachoeleweka, wapo wanazo mpaka leo. Agosti 2004 zikafanyiwa marekebisho ya sura na gia boksi ya hatua 4 ikatoka ikaja CVT, ile isiyo na hatua, na hapo likaja tatizo lingine la kwetu sisi wenyewe maana watu walimwaga humo oili ya gia boksi ya kawaida. CVT inatumia oili yake tu, weka nyingine umenunua gia boksi mpya.

Kitu ambacho fundi wako hajakwambia ni hiki. Juni 2007 Toyota akatoa Noah nyingine, ZRR70 na ZRR75, na D4 akaiacha. Akaweka 3ZR, petroli ikarudi kupulizwa nje ya silinda kama kwenye gari ya mzee, matoleo ya bei ya chini yana 3ZR-FE na ya juu yake 3ZR-FAE yenye valvematiki, ambayo badala ya throto kubana hewa, valvu zenyewe ndio zinapunguza na kuongeza ufunguko wake. Noah na Voxy ndio gari za kwanza za Toyota kupewa hiyo teknolojia. Siti ya nyuma kabisa ukivuta kitasa inajikunja na kupanda ukutani yenyewe. Kwa maoni yangu hii ndio Noah iliyokaa vizuri kuliko zote kwa familia ya hapa, na sielewi kwanini watu wanaipita wanakimbilia ya 2004 kwasababu ya tofauti ya bei ambayo wataimaliza gereji mwaka wa kwanza. Kuna mpaka Indonesia waliipenda wakaiuza kwa jina la NAV1.

Januari 2014 ikaja ya 80. Sakafu ikashushwa tena, na kwa mara ya kwanza ikawa na haibridi, injini ya 1.8 na mota, ZWR80. Betri ya haibridi wameiweka wapi? Chini ya siti za mbele. Palepale ambapo 1996 kulikuwa na injini. Nilipofungua ya kwanza nilikaa nikaitazama kwa muda maana ni kama nafasi ile haikubali kukaa wazi. Haibridi ya 80 haina 4WD, na ile betri inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari kwahiyo vumbi letu likiziba njia ya feni betri inapata joto na inakufa mapema, tena usiweke mabegi na viatu vya watoto chini ya siti ukaziba ile njia. Mwaka huohuo wakaongeza Esquire, pacha wa tatu mwenye sura ya kitajiri, akaishia Desemba 2021. Januari 2022 ikaja ya 90 na hiyo upana ni milimita 1730 kwa zote, maana yake baada ya miaka 25 hata Noah ya kawaida ilivuka mstari, sio tena gari dogo kisheria kwao; kabla ya hapo walivuka wachache tu waliovalishwa bampa na sketi pana za mapambo. Hiyo ya 90 bei yake kwa sasa sio ya mazungumzo yetu.

Utajiuliza Mjapani anaiachia vipi gari nzima hivi. Gari jipya kwao linakaguliwa baada ya miaka 3 halafu kila miaka 2, ukaguzi una gharama, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake inaongezwa. Watoto wakishakua mzazi hana haja ya siti nane, anaiuza, inaingia mnadani, inapanda meli. Kenya wana sheria yao ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 kwahiyo utaona Noah na Voxy zao ni za juzi kuliko zetu, sisi huku ya zamani inaingia ila kodi inapanda na umri wa gari, fanya hesabu na TRA kabla hujalipa hata senti moja Japani, watu wengi wameangukia hapo.

Sasa nikujibu wewe. Kwa maelezo yako mnaishi mjini, watoto shule, mama mkwe kliniki, na mara chache mnaenda shamba. Chukua ZRR70 au Voxy yake, petroli ya kawaida, sio haibridi. Mama mkwe ndio sababu yangu ya kwanza, sakafu yake iko chini na kuna pa kushika mlangoni, kwenye ya mzee yako lazima apandishwe. Kama shamba lenyewe ni njia ya udongo na mnakwenda kila wiki masika na kiangazi, hapo ongeza pesa mtafute ZRR75, ile ya 4WD. SR40 kama unaitaka kwa mapenzi ya baba nakuelewa kabisa, lakini iliyobaki sasa hivi ina zaidi ya miaka 20 na nyingi zimeshabeba abiria mpaka zimechoka, bodi limeoza kwenye milango na chini ya kapeti, utanunua jina na kumbukumbu.

Na watu kumi usipakie dada yangu. Siti ni nane na mikanda ni minane. Zamani tulikaa wawili wawili tukacheka, sasa tunajua.

Ukienda yadi soma kadi na namba ya chesisi kwanza kabla ya kuangalia rangi, ikianza AZR sasa unajua ni D4, ikianza ZRR unajua ni 3ZR, na zile tarakimu mbili zinazofuata herufi hizo zikiishia na 5, kama 65 au 75, ni 4WD. Fika asubuhi injini ikiwa baridi na uwaambie mapema wasiiwashe, washa mwenyewe usikilize sailensa dakika kumi bila kukanyaga mafuta, na uangalie taa ya injini iwake ukifungua swichi kisha izime, isipowaka kabisa kuna mtu kaitoa. Chomoa stiki ya oili unuse. Kisha fungua milango ya kuslaidi yote miwili mara kumi kumi, ile ya umeme mota yake ni ghali na muuzaji atakwambia "hiyo ni betri tu", usikubali, mwambie aweke betri nzuri hapohapo na mlango ufunguke mbele yako.